Herufi Moja ya Mkalimani

Mtu aliyenitia hofu kuliko wote maishani hakuwa mume wangu wala mmoja wa wanangu. Alikuwa mkalimani wa korti ya Nyeri. Sikumwogopa yeye, maana hakuwa mtu wa kuogopwa. Niliogopa kwa ajili yake. Kila gari la serikali lililosimama chini ya ngazi yangu nilidhani limekuja kumchukua, na likishamchukua litarudi kunichukua mimi. Kwa karibu miaka minane nilimpigia chapa barua zake za gazetini, na sikumbuki hata moja niliyoipiga bila kutazama mlango.

Mjini hakuna aliyemwita kwa jina. Mawakili walimwita Mkalimani, wauza nyanya walimwita Mkalimani, na nilikuja kusikia kwamba hata nyumbani kwake Wamagana mkewe alimwita hivyo akiwa amekasirika. Mimi aliniita Taipisti. Nilikuwa na chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, mwendo wa dakika tano kutoka kortini, na mashine ya taipu iliyonifikia ikiwa tayari imezeeka. Wateja wangu walikuja na karatasi zilizokunjwa mara nne: malalamiko ya mpaka wa shamba, barua kwa mwalimu mkuu, mara nyingine barua ya mapenzi ambayo mwenyewe aliona haya kuisoma kwa sauti. Mkalimani alikuja mikono mitupu. Mwandiko wake ulikuwa umejaa katika mafaili ya korti na kila karani aliujua, kwa hiyo hakuandika kitu. Alisimama karibu na dirisha akasema, nami nikapiga.

Alishuka kutoka Wamagana na gambuti, zile buti za mpira za kukanyagia tope, viatu vyake vyeusi vikiwa kwenye mfuko. Mlangoni pangu alivua gambuti, akafuta miguu kwa kitambaa, akavaa viatu na kufunga kamba, na hapo ndipo aliposalimu. Alifanya hivyo hata Jumamosi, wakati korti imefungwa na hakuna wa kumwona isipokuwa mimi. Siku moja nilimuuliza sababu. Akaniambia hawezi kusema Kiswahili akiwa amevaa gambuti. Nilicheka, yeye hakucheka.

Kiswahili chake kilikuwa kitu cha kusikiliza. Alipoajiriwa akiwa kijana alipanga chumba mtaa wa Majengo, kwa mama mmoja Mwislamu ambaye hakumvumilia mtu wa kuharibu maneno mezani pake. Mama huyo alimzuilia sahani mpaka aseme vizuri anachotaka. Kwa hiyo l zake na r zake zilikaa kila moja mahali pake, jambo ambalo kwetu huku mlimani ni nadra kama mvua ya Januari. Mimi je? Katika ulimi wangu herufi hizo mbili ni mtu na dada yake. Nikipiga chapa kwa kutazama karatasi sikosei. Nikipiga kwa kusikia, huwa naomba Mungu.

Kortini alisifiwa kwa jambo moja, kwamba haongezi na hapunguzi. Nilimwona siku niliyokwenda kupeleka hati za mteja. Kizimbani alikuwa mtu wa Tetu aliyeshtakiwa kwa wizi wa panga. Alisema kwa Kikuyu kwamba alikuwa ‘ameihoya’ kwa mwenyewe. Hakimu akataka kujua: aliomba apewe kabisa, au aliazima? Mkalimani akasimama wima akasema, “Mheshimiwa, katika lugha yake bado hajasema. Naomba aulizwe.” Kiongozi wa mashtaka akalalamika kwamba asubuhi nzima inaliwa na neno moja. Hakimu akakunja uso, lakini mtu yule akaulizwa, akajibu kwamba alikusudia kuirudisha Jumamosi, na shahidi mmoja akakumbuka kwamba hata yeye alisikia habari ya Jumamosi. Mtu akaenda zake. Mkalimani alipokuwa akitoka alinipita bila kunitazama, kijasho kikimtoka puani.

Tabia hiyo hakuiacha kortini. Ukimletea umbeya alikusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza polepole, “Hayo ni maneno yake au ni yako?” Watu wengi waliacha kumletea umbeya. Mimi mwenyewe nilijikuta nikijiuliza swali hilo nikiwa peke yangu, na si swali zuri kwa mwanamke mwenye majirani.

Kwa nini aliandika barua zile? Aliniambia mara moja tu, mvua ikiwa imetufungia ndani. Mkalimani wa korti, alisema, hasemi ‘mshtakiwa anasema aliiba’. Anasema ‘niliiba’. “Wiki hii nimeiba ng’ombe, nimemkata mke wangu kwa panga, na nimekana yote mawili,” akasema. “Nataka siku moja niseme ‘mimi’ na iwe ni mimi.” Halafu akaniambia niweke karatasi. Chini ya barua ile, kama chini ya zote, hakuweka jina lake. Aliweka ‘Msikivu, Nyeri’. Nilitaka kumwambia kwamba huyo naye si yeye, lakini nilikuwa msichana, na yeye alikuwa mzee wa serikali.

Gazeti letu la Kiswahili lilikuwa na ukurasa wa barua, na katika ukurasa ule watu wasiojuana walishikana mashati wiki baada ya wiki. Hakuna aliyejua uso wa mwenzake. Mmoja alijiita Mkulima wa Mwea. Huyo alichukia mashine ya kupura mpunga kwa sababu iliwaondoa kina mama mashambani. Msikivu alimjibu kwamba mashine haina kosa, kosa ni la sheria iliyosahau kuuliza kina mama watakwenda wapi. Jibu lilichukua wiki tatu kutoka, na jibu la jibu wiki tatu nyingine, kwa hiyo ugomvi mmoja uliweza kula msimu mzima wa kahawa. Walibishana juu ya televisheni ya ukumbi wa mji, kama inafundisha au inaharibu. Walibishana kama mtoto wa shule apewe kikokotoo. Na huyo Msikivu aliyetetea kila mashine iliyoingia nchini hakuwa tayari kushika simu. Ilipobidi apige, mimi ndiye niliyeongea, yeye akisimama mbali na kile kifaa kama kina upele. Alisema hawezi kumwamini mtu ambaye yeye hauoni mdomo wake, na alisema hivyo akiwa na gazeti lililojaa watu wa namna hiyo kwapani.

Adui yake mkubwa alijiita Mpenda Amani, Gakindu. Huyo alikuwa na kalamu kali na heshima nyingi: alianza kila barua kwa kumtakia Msikivu afya njema, kisha akamkata vipande. Kuna wakati alinyamaza miezi miwili. Mkalimani akaanza kuja chumbani kwangu kuuliza kama gazeti limefika, na siku moja akasema, “Labda ni mgonjwa.” Jumamosi iliyofuata alikwenda Gakindu siku ya soko. Alizunguka kutwa nzima kati ya wauza ndizi na wauza mbegu akisikiliza watu wakiongea, akiamini atalitambua lile neno ‘hata hivyo’ ambalo Mpenda Amani alilitumia kila baada ya mistari mitatu. Alirudi na mkungu wa ndizi begani. Mtu hakumpata. Wiki iliyofuata Mpenda Amani aliandika, mzima kabisa, akimtukana kwa heshima, na Mkalimani alifurahi mpaka nikamwonea huruma.

Mimi sikufurahi. Mtu usiyemjua anaweza kuwa mwalimu, anaweza kuwa mkulima, na anaweza kuwa mtu wa kumwandikia chifu ripoti. Gazeti halikuchapa barua bila anwani, na anwani aliyoitumia ilikuwa sanduku langu la posta. Alikuwa ameniomba kwa adabu, nami nikakubali kabla ya kufikiri. Baadaye nilifikiri sana. Nilizoea kupiga barua zake mlango ukiwa na komeo, sikuweka nakala, na alipoondoka nilifungua dirisha, kana kwamba maneno yana harufu.

Kulikuwa na jambo jingine lililonisumbua. Ugomvi wake mkubwa na Mpenda Amani ulikuwa juu ya urithi. Msikivu aliandika kwamba binti apewe shamba sawa na kaka yake, na aliandika vizuri mpaka nikakata ile barua nikaiweka ndani ya Biblia yangu. Kisha siku moja akaja binti yake mwenyewe, muuguzi, kupigiwa fomu ya uhamisho. Aliona gazeti mezani akaguna. “Hata sisi husoma,” akasema. “Tunajua ni nani. Huyo Msikivu angenipa shamba. Shida ni kwamba baba yangu amegawa lake juzi, na amewapa ndugu zangu wawili.” Nilimuuliza Mkalimani. Sijui nilipata wapi huo ujasiri. Akageukia dirisha. “Ile ni sheria,” akasema. “Hii ni nyumba.” Siku hiyo hakunisemea barua yoyote.

Sasa nifike kwenye ile barua.

Ilikuwa miaka ile ambayo uchaguzi ulifanywa kwa kupanga mstari. Ulisimama nyuma ya mtu wako, mbele ya chifu, mbele ya jirani, mbele ya mwenye duka uliyekopa kwake sukari, na ukahesabiwa kichwa. Aliyenung’unika alinung’unika moyoni. Ilikuwa pia miaka ya ukame upande wa Kieni, na watu wa kule walipangwa mstari vilevile kupokea mahindi ya msaada. Mkalimani alikuja akabadilisha viatu vyake, akasimama dirishani, akasema barua fupi juu ya mahindi hayo: wazee kwa vijana juani, kila mmoja akionwa na jirani yake, na kwamba hiyo si heshima. Akamalizia: mtu mzima asipangwe foleni mbele ya watu kwa sababu ya kula, kula ni siri ya mtu na nyumba yake. Sikushangaa. Kwetu mzee kuonekana akitafuna mbele za watu ni aibu. Nilimsomea yote kama kawaida, akaitikia kwa kichwa, akakunja akaenda.

Gazeti lilipotoka nililisoma nikiwa nimesimama. Palikuwa na neno ‘kura’, mara mbili. Mtu mzima asipangwe foleni mbele ya watu kwa sababu ya kura. Kura ni siri ya mtu na nyumba yake. Chini yake: Msikivu, Nyeri. Nikakaa sakafuni na koti langu. Kichwani nilikuwa na kula, vidole vikapiga r. Na nilipomsomea, ulimi wangu ukasema lilelile kwa yote mawili, kwa hiyo hakuweza kulikamata. Mhariri naye sijui alikuwa amelala au alikuwa macho kuliko sisi sote. Kwa siku kadhaa watu walilipitisha lile gazeti chini ya meza za hoteli, wakilikunja kila mhudumu alipokaribia.

Kisha akajibu Mpenda Amani. Alimtakia Msikivu afya njema. Halafu akauliza: huyu bwana anataka kura gani zaidi ya zile tulizopewa? Hata hivyo, akasema, ingefaa serikali imfahamu.

Siku ya nne baada ya hapo alipanda ngazi zangu mtu mwenye suti ya rangi ya majani makavu. Aliuliza ni nani anayetumia lile sanduku la posta. Nilimwambia ni watu wengi. Alinitazama mikono, akasema, “Kesho saa nne uje ofisi ya wilaya na majina. Yote. Usisahau mtu.” Aliposhuka nilikwenda kortini mbio, nikamngoja Mkalimani nyuma ya jengo, karibu na bomba la maji.

“Mzee, kuna mtu amekuja kuuliza hiyo sanduku,” nikasema. “Anataka majina. Mzee, ni mimi nimekuharibia. Nilisikia vibaya. Wewe ulisema kula, mimi nikaandika ile ingine.”

Nakumbuka bomba lilikuwa likidondoka. “Umesikia vibaya,” akasema, kama mtu anayeonja chakula.

“Ndiyo, Mzee. Nisamehe.”

“Basi kesho useme hivyo hivyo. Usiongeze na usipunguze.”

Usiku huo sikulala, na sitasimulia zaidi. Asubuhi nilimkuta ameshafika kwenye benchi la ofisi ya wilaya, na nilipomwona nilidhani amerukwa na akili. Alikuwa amevaa gambuti. Zilikuwa na tope bichi mpaka kwenye vifundo, na koti lake lilikuwa lile la kukamulia ng’ombe.

Tulipoitwa ndani, Mkalimani alijitaja kuwa ndiye Msikivu. Afisa aliyetuhoji alikuwa mtu wa huku huku. Alikuwa na gazeti limepigwa mstari mwekundu. “Wewe ni mtu wa serikari,” akaanza. “Serikari ndio inakuripa. Sasa hii kura unataka ni ya nini?”

Mkalimani akainama kidogo. Akafungua mdomo, na sauti iliyotoka sikuwa nimewahi kuisikia. “Afande, mimi ni mtu wa Wamagana tu,” akasema. “Urimi yangu ni nzito. Mimi nirisema kura.”

“Ndio nakuuriza. Kura gani?”

“Nirisema kura, afande. Barua iko hapo mbere yako. Watu wa Kieni wanapanga raini ya mahindi.” Akatazama saa ya ukutani. “Afande, saa saba ikifika wewe unaenda nyumbani kufanya nini?”

“Kura,” akajibu afisa, kabla ya kufikiri.

Karani aliyekuwa pembeni akakohoa ndani ya mkono wake. Afisa akamgeukia, akanigeukia mimi, na nikaona neno lake mwenyewe likimrudia masikioni. “Ati kura,” akasema polepole. “Chakura.” Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akakumbuka kazi yake, akaninyooshea kidole. “Na wewe? Mwenye mashini?”

Nilijaribu kusema. Nililia kwanza. Nikamwambia nilisikia vibaya, kwamba kosa ni langu, kwamba mzee huyu hana hatia, kwamba mimi tangu shule nimekuwa nikichanganya na mwalimu alinipiga sana na bado sikujua. Nililia mpaka kamasi. Afisa akamwambia karani aniletee chai.

Tulitoka, lakini si bure. Afisa aliandika marekebisho kwa mkono wake, nikayapiga hapo hapo: palipoandikwa ‘kura’ pasomeke ‘kula’, mwandishi ni mkalimani wa korti ya Nyeri, naye anaomba radhi kwa kutofahamu tofauti ya maneno hayo. Chini yake jina lake kamili, si Msikivu. Akatia sahihi. Yakachapwa.

Haukupita mwezi wakili mmoja kutoka Nairobi akasimama kortini na lile gazeti mkononi. Akauliza kwa upole: mteja wake anaweza kufungwa kwa ulimi wa mtu ambaye mwenyewe amekiri hadharani kwamba hajui kula na kura? Hakimu alimpenda Mkalimani, lakini angejibu nini? Wakamwondoa kwenye ukalimani wakampeleka masijala, kule chini, kupanga mafaili. Alikaa huko mpaka alipostaafu. Alipoingia hotelini vijana walimuuliza kama amekuja kupiga kula. Alikunywa chai yake akaangalia ukuta.

Barua ziliisha siku ile. Kwangu alipita mara chache, akasalimu akiwa mlangoni, na sikuweza kumtazama usoni. Nilikuwa nimemchukulia kitu kimoja alichokuwa nacho. Kanisani, wakati wa kuungama kimoyomoyo, dhambi nyingine zilibadilika mwaka hadi mwaka lakini hiyo ilikuwepo Jumapili zote. Na Mpenda Amani, yule yule, aliandika baada ya miezi sita kuuliza Msikivu amekwenda wapi. Alisema ukurasa umepoa. Hata hivyo, alimtakia afya njema.

Miaka ikaenda. Nikaolewa, nikazaa, nikauza ile taipu, nikaweka kompyuta sita za kukodisha mtandao katika chumba kile kile, na watu wakaanza kupaita saiba. Nilikuwa sijamwona Mkalimani labda miaka kumi aliponijia asubuhi moja ya Julai, ukungu ukiwa bado haujaondoka barabarani. Alikuwa amepungua sana na macho yalikuwa yamefunikwa na ukungu wao wenyewe. Alipapasa kiti akakaa.

“Taipisti,” akasema. “Nimesikia kuna baraza huko ndani ya hizi mashine. Watu wanabishana mambo ya sheria.”

Nilimfungulia. Lilikuwa jukwaa la mtandaoni, na wiki hiyo watu walikuwa wakichinjana kwa maneno juu ya mashine za kuhesabia kura: mashine ikitaja idadi moja na watu waliokuwepo wakataja nyingine, sheria imwamini nani? Nilimsomea. Kwa kila aliyeandika aliuliza, “Huyu ni wa wapi?” nami nikamwambia haisemi. Matusi niliyaruka, akajua nimeyaruka, akataka niyasome. Alisikiliza akitabasamu. Halafu akasema, “Weka karatasi,” na mimi, mwanamke mzima mwenye wajukuu wawili, nikanyoosha mgongo.

Nilikuwa na wasiwasi. Majuzi tu kijana mmoja wa mjini alikuwa ameitwa kituoni kwa alichoandika kwenye simu yake, na ukutani kwangu nilikuwa nimebandika tangazo la kuwakataza wateja siasa. Lakini nilikuwa na deni lake, au ndivyo nilivyoamini, kwa hiyo niliweka vidole tayari.

Akaanza, kwa sauti ile ya zamani, kila herufi mahali pake. “Sheria iwaamini waliokuwepo. Mashine ni karani tu, na karani huulizwa. Hesabu ya kura...”

Vidole vilisimama. Nilishindwa kujizuia. “Kura au kula, Mzee?”

“Kura,” akasema. “Kama ile ya kwanza.”

“Ya kwanza ulisema kula.”

“Nilisema kura.” Alinigeuzia yale macho yasiyoona. “Vidole vyako vilisikia sawasawa. Ulipokuja pale bombani ukaniambia umesikia vibaya, nilikuwa nimekesha siku tatu nikitafuta njia ya kutoka, na wewe ukaniletea. Na yule afisa sikumdanganya. Nilimwambia nilisema kura. Kula alijitafsiria mwenyewe. Uongo ni ule wa karatasi niliyotia sahihi, na huo nimeulipia.”

Nilidhani nitajisikia mwepesi, kumbe nilichosikia ni hasira, ikipanda kutoka miguuni. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, kama si siku ile basi mwaka uliofuata, basi alipostaafu.

“Ungejua, usingelia vile,” akasema. “Machozi yako ndiyo yaliyotutoa mle ndani. Wewe hujui kudanganya, Taipisti. Na baadaye niliona haya.”

“Sanduku lilikuwa langu,” nikamwambia. “Mashine ilikuwa yangu. Kama ni kufungwa, ningefungwa na mimi, tena bila kujua ni kwa nini. Ungeniambia. Ningefungwa nikijua.”

Wateja wawili waligeuka kutazama. Mkalimani alipapasa meza mpaka akagusa kibodi, akaisukuma kuelekea kwangu. Mwishowe akasema, “Malizia barua. Chini uweke jina langu, yote matatu. Na kama unataka, uweke lako.”

Nilimalizia. Nilimsomea, na niliposema kura nilijikaza ulimi mpaka taya likaniuma. Niliandika majina yake matatu, halafu nikaandika yangu. Nilituma. Nilimsindikiza mpaka chini ya ngazi, nikarudi nikawaambia wateja umeme utakatika, nikafunga saiba saa nane mchana. Nyumbani nilitia komeo mlangoni, nikafungua lile jukwaa kwenye simu ya mwanangu, nikakaa karibu na dirisha kungoja nani atakuwa wa kwanza kutujibu.